Siki ya Zhenjiang: usipindue pei yote siku ya kwanza

Mkuu, usiguse mtungi kwanza. Umeuliza, kwa siki ya Zhenjiang (siki nyeusi ya mchele ya mji wa Zhenjiang, jimbo la Jiangsu, China), uchague mchele upi na siki ikae muda gani kabla ya kuchujwa, ila hatari ipo pale ulipoandika kwamba utachanganya pombe ya mchele na pumba za ngano na maganda ya mpunga, utie unga wa bakteria wa dukani, kisha upindue yote hadi chini tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo njia ya kuua mtungi mzima, na inaniudhi kwamba wauzaji wa unga huo wanaieneza kana kwamba siki ya Jiangsu ni maziwa ya mgando.

Mchanganyiko huo, yaani pei, una tabaka. Bakteria wa siki, hasa Acetobacter pasteurianus, hugeuza pombe kuwa asidi pale tu penye hewa, kwa hiyo hukaa juu. Chini hakuna hewa, pombe inasubiri, na bakteria wa asidi ya lakti (wale wanaochachua maziwa) wanaendelea na kazi yao. Ukipindua yote mapema, mbegu (bakteria hai wa kuanzishia) kidogo inapotea katika pombe nyingi, joto halipandi, harufu ya pombe inatoka bure na wadudu usiowataka wanapata nafasi. Unga wenye aina moja ya bakteria hauponyi hilo. Unaleta ukali mtupu, kwa sababu ladha ya Zhenjiang inatokana pia na hao wa lakti.

Mbegu ni pei hai ya siku ya 7 hivi kutoka mtungi uliotangulia: bakteria wana nguvu na pombe bado ipo. Siki ya chupa iliyochemshwa haina uhai. Changanya mbegu kwenye tabaka la juu peke yake, funika kwa maganda, acha. Joto likipanda, kila siku pindua sehemu iliyopata moto pamoja na tabaka jembamba la baridi chini yake, basi. Utafika chini baada ya siku 10 hivi. Hapo ndipo unapindua yote, kila siku, kama wiki moja.

Chomeka kipimajoto ndani ya tabaka linalofanya kazi, si usoni. Nyuzi 40 hadi 45 ni nzuri. Ikikaribia 46, pindua mara moja. Unyevu upime kwa kiganja: ukibana, maji yaonekane kati ya vidole bila kudondoka. Pei ikilowa sana hewa haipiti, na mpango wote wa tabaka unaharibika.

Pombe ikiisha na ukali ukaacha kupanda, tia chumvi, shindilia na uzibe siku hiyohiyo. Ukichelewa, Acetobacter wenye njaa wanaanza kula asidi yenyewe na kuigeuza maji na hewa ya ukaa.