Kizazi kilishatolewa, mbona seli mbaya ukeni? (jibu kwa dada aliyeuliza)

Dada uliyeandika kwamba kizazi kilitolewa zamani na sasa kipimo cha ukeni kimerudi na "seli zisizo za kawaida", pole kwa hofu. Yamenikuta pia. Hiyo bado si saratani, ila si ya kupuuzia.

Kwanza tafuta majibu ya maabara ya kizazi chenyewe. Aliyetolewa kwa sababu ya faibroidi, na mlango wa kizazi ukakutwa salama, kwa kawaida hahitaji kuendelea kupimwa. Changu kilitolewa mlango ukiwa na mabadiliko ya seli ya daraja la 3 (la juu kabisa kabla ya saratani), na hapo habari inabadilika. Virusi vya HPV, vinavyoleta mabadiliko haya, hasa aina ya 16, havikai mlangoni tu, hata ngozi ya uke huvipata. Miongozo ya Marekani inataka wenye historia kama yangu tufuatiliwe angalau miaka 25. Nesi mmoja aliniambia, "Mama, huna mlango wa kizazi, tupime nini?" Ukijibiwa hivyo, omba rufaa kwa daktari wa wanawake.

Dalili sikuwa nazo. Wapo wanaotokwa damu baada ya tendo la ndoa, lakini wengi hawahisi kitu. Daktari alipaka siki, akatazama kwa kolposkopi (kifaa cha kukuza picha), kisha akapaka ayodini. Ngozi nzima ikageuka kahawia iliyokolea, isipokuwa doa moja la njano kwenye kona ya juu kabisa, pale mshono ulipokunja ngozi. Kona mbili za mshono huo ndizo hufichaficha mambo, kwa hiyo mwombe azikunjue vizuri. Doa likakatwa kinyama kikaenda maabara. Asianze kulitibu doa kabla ya majibu hayo. Na kama umefikia umri wa kukoma hedhi, ukavu wa uke nao huvuruga kipimo. Mara nyingi hutolewa krimu ya estrojeni wiki chache kabla ya kurudia.

Daraja la 1 mara nyingi huangaliwa tu, maana lenyewe huweza kupotea. La 2 na la 3 hutibiwa kwa leza, kwa krimu ya imikwimodi au fluorourasili (hii ya pili huunguza, jiandae), au kwa kukata. Mimi nilikatwa kwa sababu doa lilizama kwenye kovu. Leza huunguza inachokiona, na chini ya kovu panaweza kuwa na saratani iliyojificha. Kipande kikikatwa chote kinapimwa. Gharama yake ni kwamba uke hufupika kidogo. Uliza kabla ya kusaini, na mume awepo kama mnaelewana. Aibu ya dakika tano ni nafuu.

Mabadiliko haya huweza kurudi, kwa hiyo kliniki haikwepeki. Sigara huongeza hatari, VVU pia, kwa hiyo kama unatumia dawa za VVU usiziache.

Ukipata majibu ya kinyama, andika hapa ni daraja la ngapi na doa liko wapi, tuendelee.