Mzee wa Dadu Anajibu: Mtawa Wangu Afuate Njia Gani?

Wiki hii barua tatu zote ni za watawa, sijui mmepanga ama vipi. Kwa wale mnasoma tu bila kucheza, mtawa ni yule mhusika wa ule mchezo wa mezani wa dadu na hadithi, Dungeons & Dragons anaingia vitani mkono mtupu, hana ngao hana nguo za chuma, na akifika levo ya 3 lazima achague njia ya monasteri yake.

*Mzee, habari ya siku nyingi. Tunacheza kila Jumamosi na tunatumia kile kitabu cha kanuni cha 2014. DM, yule anayetuendeshea mchezo, anataka nichague kati ya Mkono Wazi, Kivuli na Elementi Nne. Moyo wangu uko kwa Elementi, nataka kurusha maji na moto, lakini jamaa mmoja hapa kwa meza ananicheka ati nitajuta. Ananionea ama? (Kijana wa Kondele, Kisumu)*

Hakuonei, ndugu yangu. Chukua vizibo vitatu vya soda uviweke mbele yako, hizo ndizo pointi zako za ki, ile nguvu ya ndani mtawa analipia mbinu zake, levo ya 3 ni 3 basi. Sasa mchape adui na ule mjeledi wa maji, vizibo viwili vimeenda, na kama dadu yake ya kujiokoa imemkalia vizuri anakula nusu ya kipigo na havutwi wala haanguki. Umebaki na kizibo kimoja na vita ndio inaanza, na havirudi mpaka mpumzike saa nzima. Huo mpira wa moto unaoota utaupata levo ya 11 kwa pointi 4, wakati mchawi wenu anaurusha tangu levo ya 5, utakuwa unamwangalia tu kama mtu amekosa matatu ya mwisho.

Mkono Wazi kwa kizibo kimoja tu anaongeza ngumi mbili, na kila ngumi ikiingia anachagua: nikuangushe, nikusukume futi 15, ama nikuzubaishe usiweze kurudisha kitu nje ya zamu yako. Watu huona hiyo ni njia ya washamba kwa sababu haina moto. Siku moja nilikuwa naendesha mchezo kwa sitting rumu ya shemeji yangu, stima ikapotea, tukaweka tochi ya simu chini ya chupa ya maji ndio tuone dadu. Zimwi limesimama kwa daraja, lina uhai wa 59, na kikundi chote ni levo ya 3, kila mtu ameshaanza kuandika majina ya wahusika wapya. Dada mmoja, mtawa wake ni wa Mkono Wazi, akaniuliza swali moja tu, "Mzee, kutoka hapo alipo mpaka ukingo ni futi ngapi?" Nikasema kumi. Akatoa kizibo kimoja, ngumi ya kwanza ikakosa, ya pili ikaingia, nikalirushia dadu ya kujiokoa, ile ya pande 20, ikalala 5, nguvu za zimwi zinaongeza 4, hiyo ni 9 na lilihitaji 13. Lilienda mtoni na uhai wake wote 59 haujaguswa vizuri! Nilikuwa nimeliandalia hotuba ndefu hata.

Kivuli nayo ni nzuri lakini wengi huichukua kwa ajili ya lile giza, na giza lenyewe kwa hicho kitabu chenu linakufunika hata wewe, unapapasa kama mwizi ameingia usiku na hajui meza iko wapi. Utamu wake ni ule uganga wa kupita bila kuacha alama, kikundi chote mnaongezewa 10 kwa kunyatia, hata yule wenu wa nguo za chuma anayelia kama sufuria.

Kama moto umekukaa rohoni kabisa, mwombe DM akuruhusu utumie Elementi za kitabu cha 2024. Pointi moja inakukalia dakika 10, ngumi zako zinafika futi 10 zaidi, na unavuta ama kusukuma watu. Hiyo ukichukua, huyo jamaa hatacheka.

*Mzee wa Dadu, DM wetu ananiuliza kila wiki mtawa wangu alifundishwa na nani, na mimi sina jibu, nilichagua tu juu ya ngumi. (Dada wa Section 58, Nakuru)*

Dadangu, DM wako ako sawa. Kwa ule ulimwengu wa kubuni wa mchezo huu, Forgotten Realms, kila shirika la watawa lina mambo yake, Sun Soul wanafuata nuru, wale wa Long Death wanasoma kifo kama somo la shule, na kule Damara kuna monasteri ya Yellow Rose ya mungu Ilmater, mungu wa wanaoteseka. Lakini usiende mbali. Si huwa unaona watu wakipanda Menengai, huo mlima wa kreta hapo kwenu, kufunga na kuomba kwa mapango? Anzia hapo. Nani huwapelekea maji huko chini? Mtawa wako alikatazwa kula nini, na alikula lini akifikiri hakuna anayemwona? Na alipoondoka alimuaga mwalimu ama alitoroka usiku? Mimi ningesema alitoroka, na ana deni. Mpe DM hilo deni tu, mengine atajitafutia.

*Mzee, mimi nimeokoka. Naweza kucheza njia ya Mlevi? Mama akisikia itakuwaje? (Mwana wa Kakamega)*

Cheza. Hiyo njia, iliyotoka 2017, ni ya kuyumba kama mlevi ili adui asijue ngumi inatoka wapi, hakuna mahali umelazimishwa kunywa. Ukiongeza zile ngumi mbili unapata futi 10 zaidi za mwendo na unatoka katikati ya maadui bila kuchapwa ukiondoka. Shida yako ni moja, unapewa pia ujuzi wa vyombo vya kupika pombe. Mama akiingia wakati huo unaandika, mwambie ni vya uji wa wimbi.