Kinyama kikibaki maabara

SWALI: Mama anaondolewa uvimbe wa titi. Amepewa fomu ya pili, kwamba kinyama kitakachobaki kipelekwe kwa watafiti. Tumruhusu? Kuna malipo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mpe mama pole. Uamuzi ni wake, si wenu, na akikataa matibabu yanaendelea vilevile. Kinyama hakinunuliwi, kinacholipwa ni gharama za kukiandaa, kukitunza na kukisafirisha. Kabla ya kusaini aulize: ni kwa utafiti huu tu au na mingine? DNA yake itasomwa? Kitavuka mpaka? Kikitoka Tanzania lazima pawe na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na mkataba wa kuhamisha sampuli. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti huo, ndipo aweke dole gumba. Akighairi baadaye, kilichobaki kitateketezwa, ila matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayarudi.

Tunasisitiza haya kwa sababu mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli za mgonjwa wa saratani, Henrietta Lacks, zilichukuliwa kwa utafiti bila ridhaa yake, na familia ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

SWALI: Ridhaa tunazo zote, lakini watafiti wanalalamika vinyama vyetu vimeharibika. Tunakosea wapi? (Fundi sanifu maabara, Mwanza)

JIBU: Anzeni na saa. Andikeni kinyama kilitoka mwilini saa ngapi na kiliingia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, saa ngapi. Muda wa katikati usizidi saa moja. Formalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa (kizuia tindikali), ujazo wake mara 10 ya kinyama. Isiyo na bafa hugeuka tindikali na kukatakata DNA. Titi likitumbukizwa zima kwenye ndoo, nje huwa gumu la kijivu, lakini ukilipasua kesho yake katikati bado ni laini na jekundu: dawa haikufika, seli zimeanza kuoza. Kateni vipande vya milimita 5, vikae kati ya saa 6 na 72.

Wanaotaka RNA (nakala za maagizo ya DNA) ikiwa nzima wanahitaji kipande kibichi, kigandishwe kwa naitrojeni ya kimiminika na kutunzwa nyuzi 80 chini ya sifuri, kisiyeyuke hata mara moja. Anayekikata ni daktari wa patholojia, akishatenga cha kutosha kwa majibu ya mgonjwa. Kama hakibaki kitu, watafiti wakose.

Namba iandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. Makopo mawili yakifunguliwa pamoja mezani, vifuniko hubadilishana, na kinyama cha aliyekataa kinaondoka na namba ya aliyekubali.