Leso Uliyompelekea Mavyaa Wako

"Bi Somo, shikamoo. Nimeolewa miaka 6 na tunaishi Bamburi, hapa Mombasa, ingawa mimi ni mzaliwa wa Majengo. Likizo ya Desemba tulikwenda kwa mama wa mume wangu, mashambani Kaloleni. Nyumba yake ina vyumba 2 tu, na kitanda tulichopewa kilikuwa kimebonyea. Nilimpelekea sukari, unga na doti ya leso ya zambarau. Jina lake, kama linahusu, ni 'Hasidi hana sababu', lakini mimi nilipenda rangi. Jioni hiyo alikaa na majirani, wakazungumza Kigiriama na kucheka huku wakinitazama. Kesho yake zawadi yangu akaifanya kata ya kubebea ndoo ya maji! Siku ya tatu aliniamsha alfajiri akanipa jembe, nami nikapanda gari nikarudi mjini. Mume wangu na watoto walibaki hadi shule zilipokaribia kufunguliwa, na sasa anasema Aprili atawapeleka tena. Je, sina haki ya kumzuia?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari na kwa joto, maana Desemba kaskazi ikishika hata sisi tulio karibu na bahari hatupati usingizi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye yale maneno "kama linahusu". Hukuulizwa habari ya jina la leso, nawe umeanza kujitetea. Mtoto wa kike aliyelelewa Majengo hujua kusoma leso kabla hajajua kusoma kitabu. Leso ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na majina hayo yamekuwa yakiandikwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa hizi tunazotumia leo, na wanawake wa pwani hii wameyatumia kuambiana yale ambayo kinywa kingeona haya kuyatamka. Ukienda Biashara Street utawaona wanawake wakiikunjua leso dukani wasome jina kwanza, ndipo waulize bei. Wewe peke yako ndiye uliyeona zambarau usione maandishi?

Basi umemwita mama wa watu hasidi, nyumbani kwake, kisha unashangaa majirani wakicheka. Ulidhani wa mashambani hawajui kusoma? Naye hakukutukana wala hakukurudishia mzigo wako. Aliizungusha leso yako, akaiweka kichwani, akatua ndoo juu ya lile neno lako, akaenda zake. Katika miaka yangu yote ya usomo sijaona jawabu la leso lenye adabu kuliko hilo.

Ama kuhusu Kigiriama, hicho na Kiswahili ni lugha ndugu, na mtu aliyekaa na mume Mgiriama miaka 6 bila kukisikia hakutaka kukisikia. Na kitanda kilichobonyea, mwanangu, kilibonyezwa na nani? Nyumba ni ya vyumba 2, wewe na mumeo mlipewa kitanda, na barua nzima haisemi mavyaa wako alilala wapi. Mimi nadhani alilala kwenye mkeka na wajukuu zake, nawe unalijua hilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama huyo hakukosea hesabu hata kwa siku moja. Mahindi ya vuli yalitaka kupaliliwa, na mkaza mwana anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Wewe ulichukua heshima hiyo ukaiita uonevu.

Mume wako naye hana budi kulaumiwa kidogo, kwa kuwa alibeba mfuko hadi Kaloleni bila kuchungulia kilichomo. Lakini wanaume hawasomi leso, na hilo limewaponza wengi.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Siku ya posa wazee wa mashambani husafirishwa hadi mjini, hukalishwa mbele, hupigwa picha, na dua zao hutakiwa. Harusi ikiisha, wazee haohao huwa gharama ya nauli na maneno ya mbu na vyoo vya shimo. Mnaoana kwa ukoo mzima, kisha mnataka kuishi wawili.

Nirudi kwako. Haki ya kuwazuia watoto huna, tena ukijaribu utakuwa umelithibitisha wewe mwenyewe lile neno la leso, ila hasidi atakuwa mwingine. Aprili nenda nao, ukijua kwamba ndio msimu wa kupanda mahindi ya masika na kwamba jembe litakuwa linakungoja. Kabla ya hapo mpigie simu wewe mwenyewe, usimtume mumeo, umwambie kwamba jina ulilisoma. Usitaje rangi. Kisha nenda Biashara Street ukatafute doti iliyoandikwa "Nani kama mama", umkabidhi kwa mikono miwili, na umwachie yeye aamue kama hii ni ya kujitanda au ni kata nyingine.