Ukijifunza *nebo, jifunze na *nebese

Mwanafunzi mpya wa Kislavi Mame, lugha mama ya Kirusi, Kislovenia na ndugu zao, akiiona *nebo, 'mbingu' (nyota * huonyesha umbo lililoundwa upya, lisilopatikana katika maandishi), hutazama -o ya mwisho na kuitia nomino hiyo katika kundi la *město, 'mahali'. Jedwali zima huharibikia hapo. Umilikaji (umbo la 'ya mahali') wa *město ni *města, lakini wa *nebo ni *nebese. Kwa hiyo daftarini usiandike *nebo peke yake. Andika maumbo yote mawili, kwa kuwa shina linalobeba viambishi ni *nebes-.

Chimbuko lake ni *nébʰos, 'wingu', katika Kihindi-Ulaya Mame, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India. Linganisha néphos ya Kigiriki na nábhas ya Kisanskriti; nēpiš ya Kihiti ina maana ya mbingu, kama katika Kislavi. Sauti *bʰ ilipoteza mpumuo ikawa b. Nayo s ya *nebese ilisalia s kwa sababu inafuata e. Ingefuata i, u, r au k, ingegeuka x (itamke kama kh ya "kheri"). Ndiyo maana 'sikio' ni *uxo, na umilikaji wake ni *ušese: s ya kwanza ilifuata u ikawa x, kisha x hiyo ikawa š (itamke sh) mbele ya e; s ya pili ilifuata e, haikuguswa.

Penye ugumu wa kweli ni -o. Katika nomino za kiume *-os ilizaa -ъ, kama *vьlkъ, 'mbwa mwitu' (ь na ъ ni vokali fupi sana). Kwa kanuni hiyo tungetarajia *nebъ. Wataalamu wengi huieleza -o kwa mvuto wa kiwakilishi *to, kilichotoka katika *tod. Wengine hutafuta sababu ya kifonetiki. Usiiandike kana kwamba ni badiliko la sauti lililokwisha kuthibitishwa.

Umoja: kiima na yambwa *nebo, umilikaji *nebese, mpokeaji *nebesi, ala *nebesьmь, mahali *nebese. Wingi, kwa mpangilio huohuo: *nebesa, *nebesъ, *nebesьmъ, *nebesy, *nebesьxъ. Uwili, yaani umbo la vitu viwili, una maumbo matatu tu: *nebesě, *nebesu, *nebesьma.

Ukifungua miswada ya Kislavoni cha Kale cha Kanisa, lugha ya Kislavi ya kwanza kuandikwa, utakuta nebesexъ, katika Sala ya Bwana kwa mfano. Usidhani ni kiambishi kingine. Vokali fupi ь na ъ huhesabiwa kutoka mwisho wa neno: ya mwisho ni dhaifu, inayoitangulia katika silabi ya jirani ni imara, na ь imara ikawa e. Antonín Havlík aliieleza kanuni hii mwaka 1889. Ijue kabla hujagusa mswada wowote.

Lugha za leo ni mashahidi, ila wapime mmojammoja. Kirusi kina nebo, neba, lakini wingi ni nebesa: -es- imebaki katika wingi tu. Kislovenia kimeihifadhi hata katika umoja wa nomino kadhaa, kama telo, 'mwili', umilikaji telesa. Shahidi wa kuhojiwa kwa makini zaidi ni koleso ya Kirusi, 'gurudumu'. Umoja huo ulitengenezwa upya kutokana na wingi kolesa, ilhali umbo la kale ni *kolo, *kolese. Ukianzia na Kirusi pekee utaunda upya *koleso ambayo Kislavi Mame hakikuwa nayo; weka kando yake kolo, kolesa ya Kislovenia, na kosa litaonekana mara moja.