Maswali ya wapangaji wapya Uganda: Yaka, mkataba, sigiri na kadi ya chanjo

Tumehamia Kyaliwajjala tarehe 18. Nimenunua Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 20,000 na yuniti ni chache kuliko nilizokuwa nikipata Mukono kwa pesa ileile. Mita mbovu?

Usimwite fundi bado. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa kwa bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani, na hesabu hiyo hufuata mita, haimfuati mtu. Huenda mpangaji aliyekutangulia alinunua mapema mwezi huu, akazimaliza, nawe ukaanzia bei kamili. Nunua tena tarehe 1 au 2 ndipo ulinganishe.

Yuniti zikiwa bado chache, soma risiti ya tokeni mstari kwa mstari. Kando ya VAT ya asilimia 18, angalia kama kuna pesa iliyokatwa kulipia deni. Deni la zamani hukaa kwenye mita na hukatwa kila unaponunua. Hilo ni la mwenye nyumba, na ni rahisi kumbana kabla hujalipa kodi kuliko baada. Kwa hiyo wewe unayehama mwezi ujao, omba namba ya mita mapema, nunua tokeni ya pesa kidogo, usome risiti yake.

Kama mko familia nne kwenye mita moja, zile 15 ni zenu nyote. Na kama mwenye nyumba ameweka mita zake ndogo za ndani, muulize anauza yuniti shilingi ngapi kabla hujaingiza kitanda.

Mwenye nyumba anataka 600,000 kwa mwezi lakini hataki kuandikishana. Anasema tunaaminiana.

Aminianeni kwa karatasi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa kuanzia shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Sheria hiyohiyo inamzuia kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na haimruhusu kukutoa bila amri ya korti. Katika mkataba andikeni kodi, amana na masharti ya kuirudisha, namba za mita za umeme na maji pamoja na usomaji wa siku ya kuingia, na idadi ya funguo. Piga picha kila ufa na kila bomba linalovuja. Bila picha hizo, ufa ulioukuta utakatwa kwenye amana yako.

Tuna vyumba viwili na mtoto wa miezi saba. Mvua ikinyesha mke wangu huingiza sigiri (jiko la makaa) ndani, ila husubiri moshi uishe kwanza. Inatosha?

Haitoshi, ndugu, na hapo ndipo wengi hukosea. Makaa yakishakuwa mekundu bila moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Huendelea kutoka hata majivu yakifunika makaa na sufuria imeshateremshwa. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtoto mchanga, anayepumua haraka kuliko mtu mzima, huathirika mapema. Dirisha moja lililofunguliwa nusu halimwokoi.

Sigiri ikae barazani, chini ya bati, mbali na mlango. Kama hakuna baraza, mwombe mwenye nyumba aongeze bati mbili mbele. Ni gharama ndogo, hata mkikatana kwenye kodi. Kulala na sigiri ndani ili kupasha chumba joto, marufuku kabisa. Watu wawili au watatu ndani wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, usitafute Panadol: watoe wote nje kwanza, kisha hospitali.

Mkihamia gesi ya kupikia, mtungi usimame wima, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, inavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

Tumetoka Kampala kuja Lira na mtoto wa miezi mitano. Chanjo tuanze upya?

Hapana, mama. Nenda na kadi kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Chanjo ni bure na huhitaji barua ya uhamisho. Kama aliruka ya wiki 14, atapewa hiyo, kisha mtaendelea. Kadi ikipotea, omba kituo cha zamani wakusomee daftari lao.

Uliza pia chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Aprili 2025 katika wilaya zenye malaria nyingi: dozi katika mwezi wa 6, 7, 8 na 18. Usiipuuze. Eneo la Lango, ulipo mji wa Lira, lina malaria nyingi kuliko Kampala, na mtoto wako hajazoeana nayo. Chandarua kitumike tangu usiku wa kwanza. Kama ni kipya chenye dawa, kianike kivulini siku nzima kwanza. Homa ikipanda, apimwe ndani ya saa 24.

Kwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ni lazima?

Nenda wiki ya kwanza, kabla hujawa na shida. Beba barua ya LC1 ya ulikotoka, nakala ya kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti, na majina ya wote mnaolala hapo, dada wa kazi akiwemo. Barua yake utaihitaji kwa vitambulisho, pasipoti na benki, na ni vigumu kumwandikia mtu asiyemjua. Akitaka pesa ya muhuri, omba risiti. Mjue pia makamu wake: kisheria ndiye katibu wa maslahi ya watoto kijijini, na ugomvi wa watoto uani ukizidi, anza kwake kabla ya polisi.