Mwanangu, umeuliza nani atasema tosha

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: huko Kisumu, Raila akiwa ameshazikwa, nani sasa atanyoosha kidole watu wafuate? Tena ukauliza kama ukamratibie vijana huyo mheshimiwa anayejigamba kwamba gavana hapiti bila yeye.

Mwaka 2002 ulikuwa mdogo. Oktoba 14, pale Uhuru Park, Raila alitamka "Kibaki Tosha" na ubishi wa nani apeperushe bendera ya upinzani ukaisha. Desemba Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Mkataba wa kugawana vyeo ulikuwepo, Raila akitarajia uwaziri mkuu. Akapewa wizara ya barabara, na 2005 akatimuliwa.

Sisi wa Nakuru tuna kisa chetu. Mwaka 1976 vigogo, Kihika Kimani akiwa mstari wa mbele, walifanya mkutano hapa mjini wakitaka katiba ibadilishwe, ili rais akifa makamu asishike kiti kwa zile siku 90 za kungoja uchaguzi. Aliyelengwa ni Moi, makamu wa wakati huo. Pesa walikuwa nazo, umati walikuwa nao. Mwanasheria mkuu, Charles Njonjo, hakuhitaji umati. Alitoa taarifa tu kwamba kuwazia kifo cha rais ni kosa la kunyongwa, na kelele zikakatika. Agosti 1978 Mzee Kenyatta akafariki, Moi akaapishwa. Kufikia 1983 Njonjo huyo huyo alikuwa anaitwa msaliti. Mimi naona mkubwa hapendi kukaa karibu na mtu anayejua kiti kilipatikanaje.

Ninaowaona kwa macho ni wadogo zaidi. Mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama hutembelewa usiku na wanaotaka udiwani, gari likiachwa mbali, bahasha ikiishia kwenye fundo la leso. Anajua nani ana kitambulisho, nani kahamia Naivasha. Kila mmoja anamwahidi kura zetu zote. Nasi siku ikifika, kila mtu na lake nyuma ya kile kibanda cha kadibodi. (Unga tunakula, lakini.)

Huyo wako ana nini ambacho mgombea hana? Kama ni makelele ya mtandaoni tu, mgombea atayapata kwingine kwa bei ya chini. Ukienda, lipwa kila wiki. Ya kuambiwa utapewa kazi kaunti baada ya uchaguzi, usiyahesabu. Na kitambulisho chako usimwachie mtu.

Mamako